Kabla ya Kufungua Kituo cha Kulelea Watoto

Sisi tunaokaribia kumaliza Kidato cha Nne huulizana kila jioni: baada ya mtihani tutafanya kazi gani? Wengine hujibu, "Nitafungua kituo cha kulelea watoto mchana, kazi hiyo haitaki mtaji mkubwa." Kazi ni njema, wala siipingi. Ninalolipinga ni kule kufungua kwanza na kuuliza baadaye.

Kwanza, yafaa mtu atembee mtaani awaulize akina mama: Mwaondoka saa ngapi? Watoto mwawaacha na nani sasa? Mwaweza kulipa kiasi gani? Mama auzaye mboga sokoni huondoka saa 11 alfajiri. Kituo kifunguliwacho saa 2 hakimfai, hata kikiwa na picha nzuri ukutani. Mama aliyeajiriwa ana haja nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa likizo ya uzazi ya siku 84, kisha hurudi kazini hali mtoto angali ananyonya, naye huruhusiwa nafasi isiyozidi saa 2 kwa siku ya kumnyonyesha. Huyo atatafuta kituo kilicho karibu na kazi yake, si karibu na nyumba yake. Tena, tangu mwaka 2016 madarasa ya awali ya shule za serikali hayatozi ada. Basi mwenye kutegemea watoto wa miaka 5 ajue kwamba wengi hatawapata.

Pili, apige hesabu. Tuseme ana watoto 20, kila mmoja hulipiwa shilingi 2,000 kwa siku, kwa siku 22 za mwezi. Atapata shilingi 880,000. Ikiwa mishahara ya walezi, kodi ya nyumba, uji, sabuni na maji hufika shilingi 950,000, kila mwezi atapungukiwa na shilingi 70,000, hata asipokosekana mtoto mmoja. Atafanyaje? Atamwondoa mlezi mmoja, au atazidisha maji katika uji. Hapo anayelipa ile hasara ni mtoto.

Tatu, aifuate sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka kituo kisajiliwe, na pa kuanzia ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Wako watakaosema kwamba mwenye kuhesabu sana hafanyi neno. Nami nawajibu: duka la sukari likifungwa, mteja huvuka njia akanunua kwingine. Kituo cha watoto kikifungwa ghafula, mama hakosi kupoteza siku ya kazi, au dada mkubwa huzuiwa asiende shule ili ashike mtoto.

Basi wenzangu, kabla ya kununua mikeka na vikombe, tununue daftari. Nanyi wazazi, akija kijana kuwauliza maswali hayo, msimfukuze, mjibuni kweli. Kuuliza si ujinga.

Mwanafunzi, Kidato cha IV