Nusu Maili ya Msitu na Haki ya Wanaoishi Kandokando Yake



Mtu asimamaye Kiboriloni na kuinua macho kuelekea mlimani huona kwanza migomba na mibuni ya vihamba, kisha ukanda mweusi wa msitu, na juu kabisa theluji. Wageni hupiga picha ya theluji. Lakini maji tunywayo, na yale yapitayo katika mifongo iliyochimbwa na wazee wetu, hayatoki hasa katika theluji ile. Hutoka msituni, ambako mvua hunyesha kwa wingi kuliko mahali pengine popote mlimani, na ambako ukungu hunaswa na majani ya miti na kudondoka ardhini. Maji hayo hayo hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme. Hivyo, nani asimamie msitu wa Kilimanjaro si shauri la wakazi wa Old Moshi au Kilema peke yao.

Mwaka 1921 serikali ya Waingereza iliutangaza msitu huu kuwa hifadhi. Mwaka 1941 ilikubaliwa kwamba watu hawawezi kuishi ukingoni mwa msitu bila kuni, miti ya kujengea na majani ya ng'ombe wao wa zizini. Ukatengwa ukanda wenye upana wa nusu maili, yaani kama mita 800, kwenye ukingo wa chini wa hifadhi, uwe wa matumizi ya wananchi chini ya uangalizi wa Baraza la Wachagga. Baada ya uhuru ukanda huo ukapitia mikono mingi: mwaka 1962 halmashauri ya wilaya, mwaka 1972 serikali kuu, mwaka 1987 wilaya tena. Katika kuhama kote huko ofisi ilipewa mamlaka, na mwananchi alipewa taarifa.

Yatupasa tuseme kweli: miaka hiyo ukanda uliliwa. Miti ilikatwa kuliko ilivyopandwa, na waliofaidika mara nyingi hawakuwa wale waliohitaji kuni za kupikia. Huko juu ya ukanda nako, uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha mikulo iliyoangushwa, matanuru ya mkaa, na mashamba ndani ya msitu wenyewe. Hivyo mwaka 2005, serikali ilipouingiza msitu wote, pamoja na nusu maili, katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, haikukosa sababu.

Lakini sababu njema haitoshi kuhalalisha kila njia. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliyoifuata, zilileta fundisho jipya: kwamba msitu hulindwa vizuri zaidi na wale wanaoishi nao, iwapo wana haki inayotambuliwa kisheria. Kijiji kinaweza kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kinaweza pia kuingia mkataba na serikali wa kusimamia kwa pamoja msitu wa taifa. Fundisho hili halikuzuliwa mezani. Kule Duru-Haitemba, wilayani Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa ikitaka kuyachukua mapori ya miombo yawe hifadhi yake. Wanavijiji walikataa. Kufikia mwaka 1994 vijiji vilikuwa vimekabidhiwa ulinzi, vikaweka doria na sheria ndogo, na miti ikachipua tena. Nchi nzima ilijifunza kutoka huko.

Miaka mitatu tu baada ya sheria hiyo, sisi wa Kilimanjaro tulipelekwa upande wa pili. Hifadhi ya taifa ina sheria yake, nayo haina nafasi kwa mkataba wa kijiji. Hata pale ruhusa ya kuokota kuni kavu au kukata majani inapotolewa, ni hisani tu, na hisani huweza kuondolewa kesho. Mama anayekutwa msituni na mzigo kichwani siku isiyo yake ni mhalifu mbele ya askari, ingawa bibi yake alipita njia hiyo hiyo kwa haki. Hapo ndipo chuki huzaliwa, na mlinzi anayechukiwa na jirani wote hawezi kulinda mlima mzima. Moto ulipowaka mlimani Oktoba 2020, waliopanda kuuzima pamoja na askari walikuwa watu wa kujitolea, wananchi wa kawaida. Wakati wa moto hakuna aliyewaona kuwa wavamizi.

Maoni yangu ni kwamba nusu maili irudishwe vijijini, lakini si kama zawadi wala kwa namna ile ya zamani. Iwe kwa mkataba ulioandikwa, wenye mipaka iliyopimwa, na wenye kipengele cha kunyang'anywa kijiji kinachouza miti kinyume cha makubaliano. Nusu ya wajumbe wa kamati wawe wanawake, maana ndio wanaobeba kuni. Msitu wa asili ulio juu ya ukanda ubaki chini ya ulinzi mkali. Huko sina ubishi na serikali. Na sisi wa mjini tusijitoe. Ni nani kati yetu amewahi kumuuliza muuza mkaa umetoka wapi, au fundi seremala kama ubao wa mkulo una kibali?

Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Viongozi wa walei wenye makazi karibu na msitu waombe jambo hili liandikwe katika ajenda za mkutano ujao, wadai ramani ya mpaka wa kijiji na hifadhi ibandikwe mahali pa wazi, na maazimio yapelekwe kwa maandishi kwa diwani na mbunge, nakala ikibaki kijijini.