Mahali pa Kuwazia

Mwanafalsafa René Descartes alieleza mwenyewe jinsi alivyoanza kuitafuta hakika ya nafsi yake. Ilikuwa mwaka 1619, baridi imemkwamisha huko Ujerumani, akajifungia kutwa katika chumba chenye joto, hana wa kuongea naye wala shughuli ya kumsumbua. Mawazo aliyotoka nayo mle ndani yamechambuliwa kwa karne nne. Kuhusu chumba chenyewe, wachache mno wameuliza. Sisi tunauliza, kwa sababu toleo hili linahusu fahamu ya binadamu na limeandikwa Eastlands, ambako chumba ndicho kitu cha kwanza mtu kukipigania akifika mjini.

Mitaa mikongwe ya upande huu wa Nairobi, kama vile Ziwani, Starehe, Shauri Moyo na Bahati, iliwekwa enzi ambayo watawala walimwona Mwafrika kuwa mpita njia. Alikuja kufanya kazi, kisha angerudi kwao. Kwa hiyo wengi hawakupewa nyumba, walikodishiwa nafasi ya kitanda. Wanaume watatu au wanne walilala chumba kimoja, bomba na choo vikawa vya safu nzima, na mke wa mmoja akija kutoka kijijini, wenzake walijua la kufanya bila kuambiwa. Kaloleni, yenye miti na nyumba za familia, ilipangwa vingine, na ukumbi wake ukageuka kuwa bunge la wakazi. Lakini kwa jumla mchoro wa nyumba ulimhesabia mtu mwili wa kulala na mikono ya kuamka nayo. Mahali pa kuwazia hapakuchorwa.

Wala hatusemi hivyo kwa kukisia. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia Hospitali ya Mathari, ng'ambo tu ya mto, tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa na kuharibiwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimtaka huyo huyo aieleze saikolojia ya uasi wa Mau Mau, naye akaieleza. Frantz Fanon, daktari wa akili kama yeye, alimkabili kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961. Hapa kwetu kitabu cha Carothers kingestahili kusomwa shuleni, ili vijana waone jinsi kiti cha mtaalamu kinavyoweza kumfanya mtu asione kilicho mbele yake.

Sasa tazameni kilichotokea mwaka huo huo wa 1954. Tarehe 24 Aprili askari waliuzingira mji katika operesheni waliyoiita Anvil. Mitaa ya Eastlands ilifungwa, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, lenye matundu ya macho tu. Akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alikwenda kizuizini. Huko kambini alibanwa akiri kiapo cha Mau Mau, akiri tena, mpaka wakubwa waridhike kwamba moyo wake umesafika. Dola iliyomtegemea mtaalamu aliyewaona watu hawa kuwa hawana undani wowote ilitumia miaka, seng'enge na viboko kujaribu kuuingia undani huo. Hatujui ushahidi mkubwa kuliko huu kwamba iliufahamu vizuri, na iliuogopa.

Kwa sababu hiyo tunawakatalia wale wanaosema kwamba Mwafrika hana haja na upweke. Hoja hiyo hujificha nyuma ya John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba kwetu mtu yupo kwa kuwa wenzake wapo. Mbiti tunamheshimu, na katika mengi tunakubaliana naye. Tusichokubali ni kauli yake kugeuzwa udhuru wa nyumba finyu, eti kwa vile wanapenda ujamaa, wabanane. Mtu anaweza kuumbwa na wenzake na bado akahitaji pembe ambapo hakuna anayemtazama.

Yeyote aliyeishi kwenye ploti ya kuta nyembamba anajua jambo ambalo vitabu vya falsafa havijalifikia. Unamsikia jirani akikohoa, akiomba, akigombana na mumewe kuhusu kodi, akilia saa nane za usiku. Asubuhi mnakutana kwenye kamba ya nguo, unamsalimu, "Umeamkaje, Mama Njeri?" naye anajibu salama, na hakuna kati yenu anayevunja kilichokubaliwa pasipo kukubaliana. Unajua. Anajua kwamba unajua. Mnaachiana. Hiyo ni kazi nzito ya fahamu mbili, na hufanywa kila siku na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wanafalsafa. Walipokosa ukuta wa mawe, walijengeana ukuta wa heshima, na nyuma yake kila mmoja akabaki na nafsi yake.

Riwaya ziliona haya mapema. Katika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka 1986, Paulina anawasili Nairobi 1956, msichana wa miaka 16, kumfuata mumewe Pumwani. Anapotea njia akitoka hospitali, na kwa kurasa chache mji mzima unakuwa vile unavyopita machoni pa mtu asiyeweza kusoma ishara zake. Dusman Gonzaga wa Meja Mwangi, katika The Cockroach Dance ya 1979, anaishi kwenye jengo ambamo bafu limegeuzwa makao ya familia nzima, na jirani huyo wa bafuni hamtoki akilini hadi anatakiwa kumwona daktari. Mwangi alielewa kwamba kuutambua uchungu wa mwingine kunaweza kumwondolea mtu usingizi, na kwamba hilo si ugonjwa.

Mwaka 1974 unatuvutia hasa. Ndipo Thomas Nagel wa Marekani alipochapisha makala yake mashuhuri akiuliza kuwa popo kunakuwaje kwa popo mwenyewe. Ndipo pia, hapa Nairobi, riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka, ambamo Kazimoto anausimulia ulimwengu wake mpaka anapojitoa uhai. Nagel alihitaji mnyama wa gizani kulifikisha swali lake. Kezilahabi alimweka mbele yetu kijana msomi wa ukoo wetu, na sisi wasomaji wengi tukamwita mkata tamaa tukafunga kitabu. Ilichukua hadi Januari 2025 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na katiba. Miaka yote hiyo, aliyevutwa kutoka ukingoni angeweza kuamkia seli badala ya kuulizwa alikuwa akiwaza nini.

Leo nyumba zinajengwa tena. Pangani maghorofa yamekwisha kusimama palipokuwa na nyumba za zamani, na mitaa mingine mikongwe imo kwenye mipango. Upande wa Pipeline wenye ploti wamejenga kwa kukaribiana mno, hata wa vyumba vya chini huwasha taa mchana. Tunazisikia hesabu za vyumba, za bei na za malipo ya mwezi. Tunadai swali lingine liwekwe juu ya meza za wachoraji: mtoto wa gredi ya nane atakaa wapi na wazo lake? Baba aliyefutwa kazi atalia wapi? Juu ya paa, panapoanikwa nguo, ndipo wengi hukimbilia sasa, na mapaa mengine yana kufuli.

Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliianza kazi yake ya kuwatafuta wenye hekima wa Kenya mwaka huo huo wa 1974. Alitaka kuthibitisha kwamba wapo wanaojifikiria wenyewe, hata kuyapinga ya jamii zao. Wengi aliowafuata walikuwa wazee wa vijijini. Sisi tumewatuma waandishi wetu Makongeni, Jericho, Dandora na Kayole, kwa vinyozi, kwa makondakta, kwa wauza mboga na wapangaji wa siku nyingi, na swali moja: unawazia wapi? Majibu yamo katika kurasa zinazofuata, kwa lugha yaliyosemwa nayo, Sheng ikiwemo. Mengine yanapinga waziwazi tuliyoyaandika hapa. Kina mama kadhaa wanasisitiza kwamba chumba kitupu huwatia hofu, na kwamba mawazo yao bora huwajia bombani, foleni ikiwa ndefu na watu wanaongea. Anzeni na wao.