Panzi Asiye na Mbawa

"Panzi naye ana haki?" Niliulizwa hivyo barazani, na wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nimezaliwa Usambara na mikono yangu si safi.

Katika misitu ya milima yetu, kuanzia Taita nchini Kenya, kupitia Upare na Usambara, hadi Udzungwa, wamo panzi wasio na mbawa. Kundi lao moja, Usambilla, limechukua jina la Usambara yenyewe. Hawa si nzige wa kuvamia mashamba, wala si senene wanaofuata taa kule Bukoba wakaishia kikaangoni. Ni wadogo, wanakaa juu ya majani ya vichaka, na ukiwashtua watarukia jani la pili, basi.

Hebu tufikiri maana yake. Ndege akikatiwa mti huhamia mwingine. Tembo hufunga safari. Panzi huyu hawezi kuvuka bonde la joto aende mlima wa pili. Kwake bonde ni bahari na mlima ni kisiwa. Ndiyo maana wapo panzi wanaojulikana katika mlima mmoja tu duniani. Ukifyeka msitu wao, hukuwafukuza, umewamaliza.

Nilipokuwa kijana nililipwa kupanda mikaratusi ukingoni mwa msitu. Tulianza kwa kufyeka vichaka ili miche ipate nafasi, kisha tukapigiwa makofi kuwa tunahifadhi mazingira. Mti ni mti, tuliambiwa. La hasha! Msitu wa asili si safu ya nguzo. Vile vichaka tulivyoviita takataka vilikuwa nyumba ya mtu, nami nilishika panga.

Najua nitajibiwa: watu kwanza, wadudu baadaye. Nimewahi kulala njaa, kwa hiyo siidharau hoja hiyo. Lakini msitu wa Amani unaomlea mdudu ndio unaolisha Mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanayonywewa mjini Tanga. Anayemcheka panzi anakunywa kutoka mtungi mmoja naye.

Kinachoniudhi zaidi ni upendeleo wetu sisi tunaojiita wahifadhi. Ua la zambarau la Usambara lilipelekwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kuwa lilipendeza, likapata vyungu madirishani kote Ulaya. Tembo ana watalii. Panzi hana uzuri wa kuuza. Amani ilipofanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, wadudu wa humo nao walipata kivuli, lakini kwa bahati ya kupanga nyumba moja na wakubwa. Je, aliyeko katika kipande cha msitu kilichobaki nyuma ya shamba la mtu, nani mtetezi wake?

Simwombei askari mwenye bunduki. Naomba matatu tu: vichaka vya ukingoni visifyekwe kwa kisingizio cha kupanda miti, anayepanda, apande miti ya asili ya mahali hapo, na mwalimu awatoe watoto darasani wakamwone panzi huyu kabla hajawa hadithi.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Panzi hakuwapo barazani siku ile. Nami nilikuwapo, nikanyamaza. Leo nimelisema lake.