Mapigo ya moyo kwenye kompyuta na hatima ya mgonjwa wa Mara

MOYO wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku bila kuamriwa na mwenyewe. Amri hutoka katika kundi dogo la chembe hai zilizo kwenye chumba cha juu cha kulia, ambazo huzalisha umeme kwa kupitisha chumvi za sodiamu, potasiamu na kalsiamu katika vijitundu vya kuta zake. Kundi hilo lilielezwa na wataalamu wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, mwaka 1907.

Mwaka 1960, Denis Noble, mtafiti kijana aliyepewa kompyuta ya Chuo Kikuu cha London usiku wa manane, alithibitisha kwamba mapigo ya chembe za moyo yanaweza kuigizwa kwa hesabu. Kazi iliyomkesha Noble, leo hufanywa na kompyuta ndogo ya mkononi kwa sekunde chache.

Kwa nini jambo hilo limhusu mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama?

Sababu ya kwanza ni dawa. Kwinini, pamoja na klorokwini ambayo Tanzania iliiondoa mwaka 2001 kama tiba ya kwanza ya malaria kutokana na usugu wa vimelea, hugusa vijitundu vya potasiamu na huweza kuvuruga mapigo. Tangu mwaka 2013, wataalamu na mamlaka ya dawa ya Marekani wamekuwa wakijenga utaratibu wa kutumia hesabu hizo kubaini hatari ya aina hiyo katika dawa mpya. Ukanda wa Ziwa Victoria, wenye malaria nyingi, una kila sababu ya kufuatilia.

Sababu ya pili ni mgonjwa mwenyewe. Umeme wa moyo ukilegea, mtu huishiwa nguvu na kuzirai. Nyumbani huenda akadhaniwa ana kifafa au amerogwa. Tiba ipo. Betri ya moyo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1958, na sasa hupandikizwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Lakini kutoka Musoma hadi huko ni zaidi ya kilometa 1,000, na safari hiyo haianzi mpaka mtu atambue ugonjwa.

Wapo watakaosema hesabu za moyo ni anasa katika mkoa ambao hospitali yake ya rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ilikwama katika ujenzi kwa miongo kadhaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inatenganisha mambo yanayokwenda pamoja. Kipimo cha umeme wa moyo kinachomwokoa mgonjwa wa Bunda ndicho kinachompa mtafiti takwimu za kulinganisha na hesabu zake. Butiama sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kompyuta si kikwazo tena.

Kinachotakiwa ni kipimo hicho kifike vituo vya afya, awepo mtaalamu wa kukisoma, na majibu yatunzwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa hapo: je, mkulima anayezirai shambani atapimwa moyo kabla hajazikwa?