Jezi ya mtoto ina kazi gani na mkeka?

Juni 2021 Norwich City walikuwa bado kwenye sherehe. Walikuwa wametoka kubeba ubingwa wa Championship, wanarudi Ligi Kuu England, na tayari wamempata mdhamini mpya wa kifuani: BK8, kampuni ya kubeti yenye wateja wake wengi Asia. Mkataba ulielezwa kuwa mnono kuliko mikataba yote ya jezi katika historia ya klabu hiyo.

Siku tatu baadaye ukavunjwa.

Haukuvunjwa na mahakama wala chama cha soka. Mashabiki waliingia kwenye kurasa za mdhamini wakakuta matangazo ya wasichana waliovaa nusu uchi, yale ambayo mzazi akiwa sebuleni na mwanawe anaizima simu haraka. Wakayasambaza, wakaiuliza klabu kama hicho ndicho kitu cha kuweka kifuani. Klabu ikaomba radhi, kampuni nayo ikaomba radhi, na nafasi ya kifuani ikaenda kwa Lotus, watengenezaji wa magari ambao kiwanda chao kipo Hethel, jirani tu na mji wa Norwich.

Kilicho muhimu hapa ni kwamba kwa Waingereza jezi ya saizi ya mtoto haibebi nembo ya kubeti. Ni utaratibu wa miaka mingi. Kwa hiyo Norwich wangeweza kusema watoto wamelindwa, mambo yaishe. Haikusaidia. Mtoto wa leo haishii kwenye jezi yake. Anaona jina kwa mchezaji anayempenda, analiandika kwenye simu ya baba, na kinachofuata hakuna anayekisimamia.

Tusidanganyane pia kuhusu nguvu ya kelele za mitandaoni. Msimu wa 2023/24 BK8 hiyo hiyo ilikaa kifuani mwa Aston Villa, na mashabiki waliopinga hawakupata walichopata wenzao wa Norwich. Hasira inafanya kazi pale inapomkuta bosi wa klabu anayejali anachosema mnunuzi wa jezi, na pale anapokuwepo mtu mwingine wa kulipa. Norwich walikuwa na bahati ya vyote viwili. Klabu za Ligi Kuu England zilikuja kukubaliana Aprili 2023 kuziondoa kampuni za kubeti kifuani baada ya msimu wa 2025/26. Mikononi ruksa, lakini angalau kifua kimepona.

Norwich wanavaa njano na kijani, rangi za Yanga kabisa. Huku kwetu nako jezi mpya zikizinduliwa mitandao inawaka. Watu wanagombana kuhusu kola, kitambaa, rangi iliyopauka, kwa nini ya mwaka huu inafanana na ya mwaka juzi. Mzazi anaibeba, anamvalisha mtoto wa darasa la tatu, anampiga picha na kuiposti. Kifuani limeandikwa jina la biashara ambayo sheria ya nchi inamkataza mtoto huyo kuigusa mpaka afike miaka 18. Wa kugombania hilo hayupo.

Pesa ni ndefu, hilo halina ubishi. Mwaka 2022 pekee Yanga walisaini na SportPesa mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya Sh12 bilioni, na Simba wakasaini na M-Bet miaka mitano kwa zaidi ya Sh26 bilioni. Anayesema klabu zitupe fedha hizo kesho asubuhi hajawahi kusikia mchezaji akidai mshahara wa miezi mitatu. Yanga wenyewe msimu wa 2018/19 walipitisha bakuli kwa wanachama wakati mdhamini wa kubeti yupo kifuani. Bila yeye hali ingekuwaje?

Ila mtoto habeti, au hatakiwi kubeti. Mdhamini akilia kwamba jezi ya mtoto wa miaka minane bila nembo inampotezea wateja, atakuwa amekiri jambo zito. Kama hapotezi kitu, basi hana sababu ya kukataa, na kiongozi wa klabu hana sababu ya kuogopa kumuomba kipengele hicho kwenye mkataba.

Kisingizio kwamba jezi bila nembo hiyo haitauzika nacho hakina miguu. Simba walicheza Ligi ya Mabingwa Afrika 2021 kifuani wakiwa na maneno ya Visit Tanzania. Ndiyo jezi waliyovaa Luis Miquissone alipowafunga Al Ahly kwa Mkapa, 1-0. Hakuna shabiki aliyeikataa. Wapo wanaoivaa mpaka leo, imechakaa shingoni, na hawataki kuitupa.

Wazazi wa Simba na Yanga ni wengi kuliko mji mzima wa Norwich, na wana simu. Wakitumia nusu tu ya muda wanaoutumia kubishana kuhusu kola, viongozi watasikia kabla mzigo wa msimu ujao haujaagizwa. Ukishafika Kariakoo, hakuna wa kubandua nembo.