Gemu Haikuua Kiswahili, Mzee Wangu



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya pilau kuliwa na kabla ya chai kuletwa, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama, akashika maikrofoni, akasema kwamba kinachoua Kiswahili cha watoto wetu hapa Uingereza ni magemu. Ukumbi ukapiga makofi. Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi, kwa kuona haya, nilipiga makofi mawili matatu, kisha nikarudi nyumbani nimejichukia, maana mimi ni mtu mzima wa miaka 46, nina mke na watoto wawili, na usiku wa kuamkia mkutano ule nililala saa nane kwa sababu ya gemu.

Basi leo naomba nafasi nimjibu mzee wangu. Shikamoo kwanza.

Mimi nilianza kucheza Tanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kibanda cha jirani aliyekuwa na televisheni moja na mashine ya kaseti, zile za kuiga za Kijapani. Tulikuwa tunalipa kwa zamu. Ukifa, unampisha mwenzio, hata kama umekufa kijinga. Tulicheza Mario, tulicheza Contra, na nyuma ya mchezaji mmoja walisimama watoto kumi na tano, kila mmoja ni kocha. Ruka! Kwepa! Ngoja kwanza apite! Wewe mbona huna akili? Lugha iliyosikika pale ilikuwa Kiswahili kitupu, cha ushauri na cha matusi, na mengine sikuyasikia popote pengine isipokuwa bandarini. Gemu ilikuwa ya Kijapani, maandishi yake ya Kiingereza ambacho hakuna aliyekisoma, na hakuna aliyetoka pale akiwa amesahau lugha ya mamake.

Kilichobadilika ni kibanda. Mtoto wetu hapa anacheza peke yake, chumbani, mlango umefungwa, na sisi tuko sebuleni tunatazama habari za nyumbani kwenye simu. Ataongea Kiswahili na nani, na ukuta? Halafu tunakutana ukumbini tunailaumu mashine.

Sikatai kwamba yako magemu mabaya. Yako, na mzee akiyataja hayo tutakuwa upande mmoja. Kuna yale yanayotolewa bure, kisha yanamuuzia mtoto visanduku vya bahati nasibu, analipa bila kujua ndani kuna nini. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba visanduku vya aina hiyo ni kamari, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Kuna yasiyo na mwisho, yaliyotengenezwa makusudi ili mtoto asitoke. Lakini kuziweka gemu zote kapu moja ni sawa na kusema vitabu ni vibaya kwa sababu umekuta kijana anasoma upuuzi kwenye basi.

Ninazozizungumzia mimi ni gemu ndogo za kurukaruka na za safari, zinazotengenezwa na mtu mmoja, au watu watatu, au kijikundi kisicho na bwana mkubwa. Unanunua mara moja. Zina mwanzo, zina kati, na zina mwisho. Ukimaliza, umemaliza, unazima unakwenda kulala (isipokuwa usiku ule, nimeshakiri).

Mjapani mmoja, Daisuke Amaya, alikaa miaka mitano akitengeneza Cave Story peke yake katika muda wake wa ziada, michoro yake, muziki wake, hadithi yake, akaitoa bure mwaka 2004. Wapenzi wa gemu hiyo wakaitafsiri kwa Kiingereza kwa kujitolea. Hollow Knight ya 2017 ilitoka Adelaide, Australia, kwa kikundi unachoweza kukiweka kwenye teksi moja, baada ya kuchangisha zaidi ya dola 57,000 za Australia kwa watu wa kawaida. Iliuzwa dola 15 za Marekani. Ilipotoka ya pili yake, Silksong, Septemba 2025, maduka ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi hadi yakakwama. Sizisifu zote. Braid ya 2008 ina mafumbo ya kurudisha wakati nyuma ambayo sijaona mfano wake, lakini maandishi yake yananichosha, ni kama kusomewa shajara ya mtu aliyeachwa. Limbo ya Wadenmark, ya 2010, nyeusi na kijivu, haina neno hata moja, na mtoto wangu wa mwisho hakulala vizuri siku mbili. Hilo ni kosa langu, si la gemu.

Lakini Celeste ya 2018 naomba niisemee zaidi kidogo, kwa sababu watu wasiocheza hudhani ndani ya hizi gemu hamna fikra. Msichana anapanda mlima. Ndiyo hadithi yote. Anasumbuliwa na hofu na huzuni, na sehemu ya nafsi yake inatoka kwenye kioo inamkimbiza. Utakufa mara elfu, na kila ukifa unarudishwa palepale, papo hapo, bila kusimangwa. Kuna jambo ambalo sikulijua mpaka waundaji wenyewe walipolieleza. Unapokimbia ukavuka ukingo wa mwamba, kwa haki ulipaswa kuanguka. Gemu inakuachia kama sehemu ya kumi ya sekunde ambayo bado unaruhusiwa kuruka, ingawa mguu uko hewani. Huoni. Hawakuambii. Wewe unadhani umewahi, kumbe umesamehewa. Na anayeshindwa kabisa kuna mahali anaweza kupunguza mwendo, au kujipa nguvu zisizoisha, na gemu haimdharau. Ningependa walimu wangu wa hesabu wangeundwa na watu hawa.

Sasa turudi kwenye lugha, maana ndiyo ugomvi wetu.

Kule Alaska kuna Wainyupiaki. Wasemaji wa lugha yao hawafiki hata elfu kumi. Nao walihofia kwamba hadithi zao hazitawafikia tena watoto. Baraza la Cook Inlet likaanzisha kampuni ya gemu, likashirikiana na watengenezaji, na mwaka 2014 wakatoa Never Alone, ambayo kwa lugha yao inaitwa Kisima Ingitchuna. (Hicho kisima si chetu cha maji, masikio yangu yalinidanganya vilevile.) Walichukua hadithi iliyosimuliwa na mzee wao Robert Nasruk Cleveland, na kwanza wakaenda kuomba ruhusa kwa binti yake. Karibu wazee, wasimulizi na wanajamii 40 walishiriki. Msimulizi anaongea Kiinyupiaki mwanzo hadi mwisho, na sisi wengine tunasoma maandishi chini. Mwaka 2015 ikachukua tuzo ya BAFTA ya gemu ya kwanza bora, hapahapa Uingereza. Watu elfu chache! Na sisi je, wenye lugha ya mamilioni kwa mamilioni, lugha ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitengea siku yake duniani, tarehe 7 Julai? Kila mwaka tunaikatia keki.

Mtasema hatuna uwezo. Basi sikilizeni, kwa sababu gemu yetu ilikuja, na nadhani wengi mlioko ukumbini siku ile hamkuisikia hata jina.

Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza, asili yake Kenya, yuleyule mwenye sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Alifiwa na babake, na uchungu ule akaufanyia gemu ya kurukaruka. Kijana Zau, mganga, amefiwa na baba, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nitakuletea roho tatu kubwa, nirudishie baba yangu. Bei yake ilikuwa dola 20 hivi. Na ukiingia kwenye mipangilio ya sauti, unachagua Kiswahili. Si salamu mbili za kupamba, la hasha. Wahusika wanazungumza Kiswahili safari nzima.

Nisije nikaonekana nasifu kwa sababu ni yetu. Gemu ina kasoro. Mapigano yanajirudia. Kuna mahali unakimbizwa, ukikosea mara moja unarudi mwanzo, na ule msamaha wa Celeste haupo. Na hizo roho tatu mimi mtu wa Tanga sikuzitambua: Impundulu ni wa kusini, kwa Waxhosa na Wazulu, Kikiyaon anatoka Senegambia, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao hata Wabantu si. Nilitafuta jini wa pwani nisimwone. Bara zima limetiwa kwenye chungu kimoja. Hayo nilitaka kuyasikia kwetu, tubishane, tukosoane, tuseme hapa umepatia, hapa hukupatia. Badala yake palikuwa kimya. Waliopiga kelele walikuwa watu wengine, waliomtukana Salim na wenzake kwa rangi zao, matusi mazito hadi akajitokeza hadharani kuyajibu. Sisi wenye lugha hatukuwapo hata kwenye ugomvi wetu wenyewe.

Julai mwaka uleule kampuni yake, Surgent Studios, ilitangaza kupunguza wafanyakazi, na Oktoba kitengo chote cha gemu kikapewa notisi ya kupunguzwa. Sisemi ni kwa sababu yetu. Biashara ya gemu ilikuwa mbaya kila mahali mwaka ule, na wakubwa walifukuza maelfu. Kampuni yenyewe haikufa, mwaka 2025 ilitoa gemu nyingine, ya kutisha, inayoitwa Dead Take. Ninachosema ni kwamba tiketi ya chakula chetu cha Idi ni pauni 15 kwa kichwa, na hakuna aliyelalamika.

Hebu niwaambie ilivyokuwa kwangu. Binti yangu ana miaka 12. Kiswahili anakielewa akigombezwa, na akiongea na bibi yake kwa simu anajibu maneno manne kisha ananirudishia simu. Nilikuwa nacheza Zau sebuleni, akapita anakwenda jikoni, akasimama. Akaniuliza kwa Kiingereza, mbona huyu anaongea kama watu wa kwa bibi. Akakaa. Nikampa pedi ya kuchezea, kwa sababu vidole vyangu si vya kazi ile tena, na bila kutaka nikajikuta nimekuwa mtoto wa kibandani: ruka, kwepa, ngoja kwanza, kushoto, kushoto nakwambia! Akaanza kunijibu kwa maneno yaleyale. Alikosea viambishi vyote. Sikumsahihisha hata kimoja, na wale wanaotusomeshea watoto Jumamosi watanisamehe.

Katika gemu ile kuna mibuyu. Zau akifika chini ya mbuyu anakaa, anapumua, anazungumza juu ya baba yake, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Tulifika mbuyu mmoja, binti yangu akaweka pedi chini. Akaniuliza kama nililia babu alipofariki. Baba yangu alifariki Tanga mwaka 2019, nami nilikuwa hapa, karatasi zangu ziko kwa wakubwa, sikuweza kusafiri. Mazishi niliyatazama kwenye simu ya mpwa wangu, picha ikikatika kila baada ya muda, na nilikuwa kazini. Sikuwahi kumweleza mtoto huyu. Nilimwambia ndiyo, nililia, kwenye stoo ya kazini. Akauliza stoo ni nini. Nikamwambia. Tukaendelea kucheza.

Mzee wangu, Kiswahili kilichozungumzwa sebuleni kwangu saa ile mbili hakijazungumzwa humo ndani mwaka mzima. Kililetwa na kile ulichosema kinakiua. Kwa hiyo nimekuja na ombi, na nalitangaza hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, watoto wakimaliza darasa, nitaleta mashine yangu na televisheni pale ukumbini. Zau ni ya mchezaji mmoja, wataicheza kwa zamu kama kwetu, ukifa unampisha mwenzio, na sisi wazazi tutasimama nyuma yao tukipiga kelele. Baadaye tutaiweka ile ya Wainyupiaki, ambayo huchezwa na wawili, mmoja msichana na mwingine mbweha mweupe wa theluji. Wewe mzee utakuwa msichana, kwa heshima, maana ndiye mwenye hadithi. Mimi nitakuwa mbweha. Kitufe cha kuruka nitakuonyesha.