SEHEMU YA 4: HABU IKISHATOKA, BERINGI YA ZAMANI ISIRUDI

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosomea kwenye simu za wake zenu (nawajua).

Sehemu ya 3 niliandika kuhusu mtoto kupakatwa siti ya mbele. Mlinisema inboksi mpaka basi. "Nesi, baki na chanjo na uji wa lishe, mambo ya gari waachie wenyewe." Sawa. Leo sasa ndiyo naingia uvunguni kabisa, na atakayenuna anune.

Nawaandikia nyie mlio na gari la zamani la porini. Wengi wetu huku tunalo: Land Cruiser mkonga, hardtop ya mzee, pikapu iliyonunuliwa mnadani ikiwa imeshachoka. Gari halijui umri, linapanda tope, linabeba mahindi, mama mkwe na watoto watano. Nalipenda. La kwetu ni mkonga, na hilo nusura lituue.

Ilikuwa hivi. Breki za mbele zilikuwa zinatetemeka, diski zimeisha. Tukapeleka gereji, tukanunua diski mpya na pedi mpya. Pesa, niseme ukweli, ilitoka kwenye kikoba changu. Fundi akafungua, akafunga, akasema "mama, breki sasa ni za ndege". Nikauliza, na beringi je? Akacheka. "Hizo bado zinadunda. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, tusichanganye."

Neno hilo ndilo ninalogombana nalo leo. Kazi nyingine kwa nani?

Sikilizeni. Kwenye mkonga, diski ya breki ya mbele imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, na habu ndiyo inayobeba tairi. Huwezi kuitoa diski bila kuchomoa habu nzima. Na ndani ya habu ndimo zilipokaa beringi mbili, moja ya ndani na moja ya nje, pamoja na sili inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Kwa hiyo siku ya kubadilisha diski, fundi ameshafungua nati kubwa, beringi anazo mkononi, amezipakata kama mtoto mchanga! Ufundi wa kuzifikia umeshalipwa. Kilichobaki ni bei ya beringi, sili na grisi. Halafu mtu anachukua beringi ambayo hakuna anayejua iliwekwa lini, anaisugulia grisi juu ya grisi nyeusi, anairudisha. Eti kazi nyingine.

Sisi wodini tukifungua bandeji tukakuta usaha, hatufungi ile ile ya zamani kwa sababu mgonjwa alikuja kupimwa presha.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunatoka Karatu kwenda Arusha, mume wangu anaendesha, mimi nyuma na wawili, mdogo ana miezi saba. Tangu Karatu nasikia mvumo, kama nyuki ndani ya mtungi. Nikasema. Mume wangu akajibu ni matairi. Tunaanza kushuka ule mteremko wa kwenda Mto wa Mbu, mnaujua, bonde lote liko chini yako. Akakanyaga breki, pedali ikazama. Akakanyaga tena, ikashika kidogo, usukani ukaanza kupiga mikono yake. Harufu ya grisi inayoungua ikajaa ndani. Alishusha gia, akalivuta gari kwenye ukuta wa mlima, likasimama. Mtoto wangu mkubwa aliniuliza, "Mama, tumefika?" Sikuweza kumjibu.

Fundi wa pale chini alipofungua, beringi ya ndani ya tairi la kulia ilikuwa imesagika. Sili imekatika, grisi imemwagikia pedi mpya. Ule mhimili ambao beringi inakaa juu yake umekuwa wa bluu kwa moto, umechimbika. Kwa hiyo tukanunua beringi ambazo tungenunua mwanzo, na mhimili, na pedi nyingine. Ada ya mtoto ya muhula ule tuliilipa kwa mafungu.

Muelewe kilichotokea, maana wengi wanadhani beringi mbovu ni kelele tu. Beringi ikilegea, diski inayumba. Diski ikiyumba inazisukuma pedi zirudi nyuma, ndiyo maana pedali inazama kabla ya kushika. Yaani unaweza kuwa na breki mpya za bei mbaya na usiwe na breki.

Najua mtanijibu nini. "Beringi nzima haibadilishwi, inaoshwa." Kweli, sibishi. Kama mlizibadilisha wenyewe juzi juzi, mnajua ni za kampuni gani, zikaoshwa kwa mafuta ya taa zikakaushwa, na hakuna kidoa, kishimo wala rangi ya bluu kwenye vigololi vyake virefu wala kwenye kikombe, zipakwe grisi mpya zirudi, na sili mpya. Lakini gari la mnadani? Gari linalovuka makorongo kila masika? Maji yakipita kwenye sili iliyochoka, grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi inakula kutu kimya kimya. Hapo usiniambie bado zinadunda.

Na wakikubali kubadilisha, usiondoke ukakae kivulini. Beringi na kikombe chake ni pacha, vinaingia pamoja. Wapo wanaoweka beringi mpya kwenye kikombe cha zamani kwa sababu kukitoa kwenye habu ni kazi. Kataa. Omba uonyeshwe vikombe vya zamani vikiwa chini, vinne kwa tairi mbili. Ile nati kubwa ni ya milimita 54 na ina soketi yake. Ukiona fundi anaizungusha kwa tindo na nyundo, mwambie asimame, mkaazime soketi. Nati ikibana sana beringi inaungua, ikilegea tairi linacheza. Fundi anayejua anakaza huku anazungusha habu, analegeza, halafu anakaza tena taratibu na kupima uzito wa kuzunguka kwa mizani ndogo ya kuvuta. Haendi kwa "naisikia mkononi". Na beringi za bei ya karanga zenye maandishi yaliyokaa upande kwenye boksi, ziache hapo hapo dukani.

Hata kama leo ni pedi tu na habu haitoki, gari likiwa juu ya jeki na limewekewa stendi, mwambie ashike tairi juu na chini alitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki, alitikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ugonjwa uko kwenye kingpini, nao si wa kuchekea.

Wifi yangu mmoja aliniambia akiuliza hivyo gereji atachekwa. Dada, mimi nilichekwa. Kucheka kwa fundi hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilinyamaza baada ya yeye kucheka, na pesa ilikuwa yangu.

Baba watoto amesoma hii kabla sijaituma. Kasema ule mvumo angepaswa kusimama Karatu. Nimemwambia aandike mwenyewe hapo chini.

Naingia zamu ya usiku. Wenye picha za beringi walizotoa ziwekeni, nitaziangalia asubuhi nikitoka. Sehemu ya 5 ni mikanda ya siti za nyuma, ile mnayoifunga mafundo.